Vita vya Visanduku Mia Nne na Kumi na Viwili

Sogeeni, enyi wakoboaji na wapepetaji, enyi mabingwa wa kubeba gunia kwa bega moja huku mkipokea simu kwa mkono wa pili. Sogeeni na nyinyi makarani wa mialo ya kuoshea dhahabu kutoka Geita, wauza vipuri wa Katoro, na nyinyi mliokuja Kahama kwa shughuli nyingine kabisa. Zimeni mashine kidogo, maana habari hii haisimuliwi kwa kushindana na injini. Nawe umeme, bwana mwenye kuja na kuondoka bila kuaga, kaa nasi walau nimalize. Nawe mtandao, simama imara juu ya mnara wako. Nataka kunena habari za Paskalina binti Ndaki, Mama Fredy kwa watu wake, katibu wa Chama cha Wakoboaji Mpunga wa Nyasubi, mwanamke aliyevikabili visanduku mia nne na kumi na viwili akiwa na kalamu ya buluu na miwani iliyofungwa kwa uzi, akavishinda.

Msinikatize kwa kuuliza visanduku gani. Nakuja huko.

Katika miaka yetu hii hii ilishuka amri kutoka ofisi moja kubwa, ambayo mimi kwa usalama wangu siitaji, kwamba kuanzia sasa kila kampuni, chama na kikundi kilichosajiliwa kitatuma taarifa yake ya mwaka kwa kompyuta, kwa kufuata Kiwango. Kiwango hicho, nisije nikaonekana mwenye chuki, kilikuwa na nia njema. Kilitaka kila jambo la biashara livalishwe lebo yake, lebo moja kwa jambo moja, ili kompyuta yoyote ikisoma taarifa isilazimike kumtafuta mwenyewe na kumuuliza alimaanisha nini. Lakini waliokitunga walikuwa wanawaza migodi mikubwa, mabenki na mashirika ya ndege, na walipomaliza wakamkabidhi kila mtu hivyo hivyo kilivyo, hata mwenye mashine mbili za kukoboa na mzani mmoja. Fomu ilikuwa na visanduku mia nne na kumi na viwili, na siku ya mwisho kwa watu wa Kahama ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri.

Chama ambacho taarifa yake haitakuwa imepokelewa saa hiyo, usajili wake utalala. Na hapo ndipo penye roho ya habari yetu, kwa sababu Jumamosi yake, asubuhi, uwanja mpya wa saruji wa kuanikia mpunga ulikuwa ukabidhiwe kwa chama chenye usajili ulio hai. Misimu mitatu watu wa Nyasubi walikuwa wameanika mpunga wao kando ya lami, bodaboda zikipita juu yake, malori yakiupeperusha, na mchele ukitoka na kokoto kiasi kwamba wateja walikuwa wanatafuna kwa tahadhari. Paskalina aliupigania uwanja ule kwa barua kumi na moja. Akiukosa, ungekwenda kwa waliofuata kwenye orodha, chama cha madalali wa ng'ambo ya barabara, ambao tayari walikuwa wamepita mara mbili kuupima kwa hatua, wakicheka.

Kwanza, basi, wakaitwa kwenye semina. Huko akasimama Bwana Selestine Pantaleo, mtaalamu wa Kiwango, mbeba kompyuta mpakato, mwenye suti isiyoogopa joto, akawamulikia ukutani maandishi madogo madogo kwa muda wa saa tatu.

"Waheshimiwa wadau," akanena, "zama za kuandika taarifa kwa kalamu zimepita. Leo tunaingia katika ulimwengu ambamo takwimu inajitambulisha yenyewe, ambamo mkoboaji wa Nyasubi na mgodi wa kimataifa wanazungumza lugha moja, na lugha hiyo, ndugu zangu, iko humu, katika mwongozo huu wa kurasa mia moja themanini na sita."

Paskalina akainua mkono. "Shukrani, mtaalamu. Sisi wa kukoboa tunaanzia wapi?"

"Mnaanzia kwenye taksonomia," akajibu Bwana Selestine, na hilo ndilo jina lao la orodha ya lebo zote.

Ukumbi mzima ukaandika neno hilo. Hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu soda zilikuwa zimeanza kufunguliwa.

Jumanne wanachama wakakutana bandani, kati ya mashine mbili zilizonyamazishwa, ili kuishambulia fomu kwa pamoja. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mageni, mfugaji wa Didia aliyehamia mjini na ng'ombe wake saba na heshima yake yote. Na hapa lazima nieleze jambo kwa wale ambao hawakulelewa Usukumani. Kwetu, mtu akikusalimia hakuulizi neno moja akapita. Atakuuliza nyumbani, atakuuliza watoto, ng'ombe, mvua, na mguu wa shemeji yako uliovimba mwaka juzi, na wewe kila swali unalijibu kwa zamu yake, mhola, mhola, salama. Ukiruka moja, ama una jambo unaficha, ama umemdharau aliyekuuliza. Kwa watu waliolelewa hivyo, fomu ile haikuwa fomu.

"Mama Fredy," akanena Mzee Mageni, akisimama kwa fimbo, "huyu ni mgeni. Amefika kwetu, ametuuliza maswali mia nne na ushee, idadi ambayo hata wakwe zangu hawajawahi kuifikisha. Ni mengi, sikatai. Lakini hakuna mtu atakayesema kwamba watu wa Nyasubi waliulizwa wakanyamaza. Tutamjibu yote, moja baada ya jingine, na tutamjibu vizuri."

Wakapiga makofi, na Paskalina naye akapiga, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Basi wakajibu. Kisanduku cha hamsini na saba kiliuliza idadi ya ndege zinazomilikiwa. Wakaandika, Hatuna, tunashukuru. Cha hamsini na nane kiliuliza meli, na hapo Lusia, mweka stoo, mwanamke asiyependa kusema hapana kwa mtu yeyote, akakumbusha kwamba mume wa dada yake ana mtumbwi ziwani.

"Mtumbwi wa chama?" akauliza Paskalina.

"Si wa chama. Lakini ameuliza, na upo."

Ukaandikwa mtumbwi. Kisanduku cha mia moja na thelathini kiliuliza gharama za kufunga mashimo na kuirudisha ardhi katika hali yake ya awali, swali walilotungiwa watu wa migodini, nao kwa unyoofu mkubwa wakaeleza habari za choo cha zamani kilichojaa wakakifukia, wakapanda mgomba juu yake. Cha mia mbili na tatu kiliuliza mali hai, yaani viumbe vinavyofugwa na taasisi kwa shughuli zake, na hapo ndipo jeshi likagawanyika. Lusia akasema aandikwe paka wa stoo. Mzee Mageni akasema paka si mali, hakununuliwa, alikuja mwenyewe. Lusia akasema hata Mzee Mageni alikuja mwenyewe kutoka Didia na ameandikwa mwenyekiti. Pakawaka. Walikaa kwenye paka kuliko walivyokaa kwenye mitambo yote, hadi Paskalina akaamuru kisanduku hicho kiachwe kwanza, watakirudia, na wakasahau kukirudia.

Alhamisi asubuhi shujaa wetu akaibeba fomu, majibu yake yameandikwa kwa mkono pande zote mbili na pembeni, akaipeleka kwenye steshenari ya Naznin. Huyu Naznin, mke wa Hozefa muuza madaftari, ndiye malkia wa printa katika mtaa ule. Ameandikia watu barua za kazi, za posa na za kuachana, na hajawahi kumsimulia mtu yeyote yaliyomo.

"Shikamoo, Mama Fredy."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kazi."

Naznin akaziangalia kurasa zile, akavuta pumzi, akamwambia mumewe awaangalie wateja wengine, akaanza kuandika. Aliandika hadi saa nane mchana, vidole vikinguruma, huku Paskalina akimsomea na kumwelezea mtumbwi. Kisha wakabonyeza kutuma. Kompyuta ikafikiri. Halafu ukurasa mzima ukawa mwekundu kuanzia juu hadi chini.

Visanduku mia tatu tisini na viwili vilikuwa vimekataliwa. Mfumo ulitaka tarakimu na umepewa shukrani. Naznin akajaribu kufuta lile Hatuna, tunashukuru la kwenye ndege na kuweka sifuri, na mfumo, badala ya kutulia, ukadai kwa ukali kwamba kama ndege sasa ni sifuri, ziambatishwe hati za ndege zilizouzwa mwaka huu, pamoja na jina la mnunuzi.

"Sasa ndege zetu tumemuuzia nani?" akasema Paskalina, akaketi.

Nisiwafiche, wapenzi wangu: aliogopa. Aliona uwanja ukiwa mikononi mwa madalali, akaona magunia mia tatu ya mpunga mbichi yakirudi kumwagwa kando ya lami, na mbaya kuliko yote akaziona nyuso za wanachama wakimwambia si kosa lako, Mama Fredy, kwa ile sauti ambayo watu huitumia wakati kosa ni lako. Alivua miwani ili asione wekundu ule. Alipoivaa tena ndipo alipoona kitu.

"Naznin. Hivi vya kijani ni vipi?"

"Vilivyokubaliwa. Viko kumi na tisa."

"Na hiki hapa hakina rangi."

Kilikuwa kisanduku cha mia mbili na tatu. Paka. Kisanduku pekee katika vyote mia nne na kumi na viwili ambacho hakikuandikwa neno, na mfumo ulikuwa umekipita bila kukilaumu, wala kukiuliza, wala kukumbuka kwamba kipo.

Paskalina binti Ndaki akasogeza kiti. "Futa ndege," akasema, kwa sauti ya jemadari aliyeuona ufa kwenye ukuta wa ngome. "Sifuri usiweke. Usiweke chochote."

Naznin akafuta, na wekundu wa hamsini na saba ukaondoka. Akafuta mtumbwi, ukaondoka. Wakafungua ule mwongozo, na katika ukurasa wa mia moja arobaini na moja, chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, wakakuta imeandikwa kwamba taasisi itajaza visanduku vinavyoihusu, na visivyoihusu itaviacha wazi. Saa tatu za semina na hakuna aliyelisema hilo. Naznin akalisoma mara mbili, halafu akasema neno moja la Kigujarati ambalo sitalitafsiri.

Mwingine angeishia hapo, akafuta vyote, akatuma, akaenda zake. Lakini taarifa ya chama haiendi bila kusomwa mbele ya wanachama na kutiwa saini na mwenyekiti, na Paskalina alijua kwamba hawezi kuwapelekea watu wake lugha ile ile iliyowapoteza. Basi akaomba karatasi moja nyeupe. Akavichukua vile visanduku kumi na tisa vya kijani na kuvitafsiri kimoja kimoja kutoka Kiswahili cha Kiwango kwenda Kiswahili cha bandani, akiweka namba ya kisanduku pembeni ya kila swali. Palipoandikwa idadi ya wastani ya waajiriwa katika kipindi cha taarifa, akaandika, Tuko wangapi mashineni? Palipoandikwa mitambo na vifaa vilivyo katika hali ya matumizi, akaandika, Mashine ngapi zinanguruma? Palipoandikwa matukio muhimu yaliyojiri baada ya tarehe ya taarifa, akaandika, Kuna jipya tangu tufunge mwaka? Na palipoandikwa wahusika wenye uhusiano wa karibu na viongozi wa taasisi, akafikiri sana, akaandika, Nani ni ndugu wa nani humu? Jua lilikuwa bado halijazama alipomaliza, na karatasi ilikuwa ya upande mmoja tu.

Ijumaa saa mbili asubuhi akaisoma bandani. Watu wakayajibu maswali kumi na tisa kabla chai haijapoa. Hata hilo la undugu walilijibu haraka, kwa sababu jibu lilikuwa wote. Lusia akasema tangu azaliwe hajawahi kuelewa karatasi ya serikali hadi mwisho wake, na kwamba anajisikia kama amesoma. Kila mtu akageuka kumtazama mwenyekiti atie saini.

Mzee Mageni hakuichukua kalamu.

"Nimesikia kumi na tisa," akanena. "Mgeni aliuliza mia nne na kumi na mawili. Haya mia tatu tisini na matatu, nani amemjibu?"

"Hayatuhusu, baba. Tumeruhusiwa kuyaacha wazi. Mwongozo wenyewe umesema."

"Mwongozo hauna mama aliyeulea. Mimi ninaye. Mimi nina miaka sabini na mbili, nimesalimiwa na watu wema na watu wabaya, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza hali nikamgeuzia mgongo. Leo jina langu liwekwe chini ya karatasi iliyonyamaza mara mia tatu?"

"Baba," akanena Paskalina, na hapa naomba mnyamaze kabisa, maana ndiyo hotuba yenyewe, "mtu akikujua hakuulizi yote. Wewe ukikutana na mjane, unamuuliza mume wake hajambo? Ukikutana na asiye na ng'ombe, unamuuliza wamekula? Unayaacha, na kuyaacha kwako ndiyo heshima. Huyu aliyetuuliza hajui sisi ni nani. Anatuuliza ndege kwa sababu hajawahi kufika Nyasubi akaona hata baiskeli zetu. Karatasi hii ni ya kumfanya atujue. Nimeandika barua kumi na moja kwa ajili ya uwanja ule, baba, na nyingine nimeziandika huku naumwa. Sikuombi saini ya kumtukana mtu. Nakuomba saini ili mpunga wetu utoke barabarani."

Ilikuwa hotuba nzuri, na Mzee Mageni alikuwa wa kwanza kukiri kwamba ni nzuri.

"Lakini huyu," akasema, "tayari ameshauliza."

Ikapiga saa nne, ikapiga saa sita. Mwenyekiti alipelekewa ugali, akala, akashukuru, hakutia saini. Madalali walipita nje wakisalimia kwa furaha iliyozidi kiasi. Ikapiga saa nane, ikapiga saa tisa, na Paskalina, aliyekwisha kusema kila alichonacho, akaisoma tena karatasi yake tangu juu kwa kukosa la kufanya, hadi akafika swali la kumi na tisa. Lilikuwa kisanduku cha mia nne na kumi na mbili, cha mwisho kabisa, ambacho Kiwango kilikiita maelezo mengine, na ndicho peke yake kilichokuwa kinakubali maneno yoyote mtu ayatakayo. Akachomoa kalamu ya buluu, akaandika hapo sentensi moja, akamsomea mzee.

"Kwa hayo mengine yote mliyotuuliza, sisi hatunayo, tunashukuru sana kwa kutuuliza."

Mzee Mageni akaomba arudie. Akarudia.

"Yote yameingia humo?"

"Yote, baba. Na meli."

"Hilo ni jibu," akasema mzee, akatia saini, taratibu, herufi kwa herufi, wakati bodaboda iliyoitwa mlangoni inanguruma.

Loo, safari ile. Kutoka bandani hadi steshenari ni mwendo wa dakika sita, na Paskalina aliumaliza kwa nne, karatasi ameikumbatia kifuani, akipita katikati ya mikokoteni na mama lishe. Naznin alikuwa amekwisha kufuta wekundu wote, akabakiza mahali pa saini; ile sentensi akasomewa hapo hapo. Akaandika. Akabonyeza. Alama ya kusubiri ikaanza kuzunguka kwenye kioo, ikazunguka, ikazunguka, na hakuna aliyepumua, hata Hozefa, aliyekuwa anamhesabia mteja kalamu za wino na akasahau amefika ngapi.

"Imeingia, Mama Fredy," akasema Naznin.

"Soma."

"Imepokelewa."

"Soma tena."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na moja. Habari ikatoka mlangoni kabla ya Paskalina mwenyewe, na kufikia saa kumi kasoro kumi walikuwa wamepanga foleni pale makatibu wa vikundi vingine, wa karanga, wa asali, na wawili wa mialo waliokuja mbio na matope miguuni, kila mmoja akitaka nakala ya karatasi ile ili atoe mpunga na kuweka cha kwake. Simu ikalia. Alikuwa Bwana Selestine Pantaleo.

"Mama, nasikia una karatasi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelegeza tai. "Naiomba. Nina semina nyingine Jumatatu huko Katoro, na kusema kweli, mimi mwenyewe fomu ile sijawahi kuijaza."

"Utaipata, mtaalamu," akajibu Paskalina. "Haina taksonomia. Inaanzia swali la kwanza."

Basi na iandikwe, enyi wenye kalamu, na asiye na kalamu asimulie: kwamba palikuwa na Kiwango kilichotungwa na wasomi wengi katika vyumba vyenye viyoyozi, chenye lebo za kutosha kuitambulisha kila mali iliyoko chini ya jua, na kwamba kiliwashinda wahasibu, kikawatoa jasho makatibu, kikawanyamazisha wataalamu, hadi kilipofika Nyasubi kwa Paskalina binti Ndaki, mpunguza maneno, mshika buluu, naye akakikalisha kwenye karatasi moja ya upande mmoja, na watu wake wakakisoma wakakielewa. Falme zimesimama kwa ushindi mdogo kuliko huo, na nyingine hazikupata hata huo.

Jumamosi asubuhi uwanja ukakabidhiwa. Cheti cha usajili kilikuwa hai, madalali walisimama mbali wakitazama simu zao, na Mzee Mageni alimwaga gunia la kwanza kwa mikono yake mwenyewe, mpunga ukatandaa juu ya saruji safi kwa mlio mwembamba ambao Nyasubi ilikuwa haijawahi kuusikia. Paskalina akavua viatu, akaenda katikati ya uwanja, akakaa chini. Akalia kidogo, wazi wazi, kwa raha yake, na hakuna aliyemsogelea kumnyamazisha. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akanyoosha mkono akaomba reki, kwa sababu magunia mia mbili tisini na tisa yalikuwa bado.